Msumari wa Siku za Kliniki

Watu wakistaafu hupewa saa ya ukutani. Mimi sikupewa, na ningepewa ningeiuza. Kitu ninachojivunia katika miaka yangu yote ya kukata nguo ni msumari wa inchi tatu, niliougonga ukutani mwenyewe kwa kisigino cha kiatu kwa sababu nyundo ya duka ilikuwa imeazimwa na jirani, na nyundo ya kuazimwa mnajua huwa hairudi. Nyinyi vijana wa cherehani mnaokuja kwangu hapa Waithaka kila Jumamosi na kuniuliza, "Shosho, siri ya kazi ni gani?" mnangoja niwaambie habari za mkasi. Mkasi mtajifunza tu, mikono ikichoka itazoea. Leo kaeni niwafunze kuomba ruhusa ya kwenda hospitali. Hiyo hakuna chuo kinachoifundisha, na imeangusha mafundi wengi kuliko mkasi butu.

Duka letu lilikuwa gorofa ya pili, upande wa River Road, mlango wa pili kutoka kwa fundi wa saa. Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kidogo, simu ya mkononi bado ni ya kuwekwa mezani ili wateja waione. Tulishona kanzu za kwaya, majoho ya mahafali, na mapazia ya mama matajiri wa Kitisuru. Tulikuwa wanne. Mzee Kamande, mwenye duka, alipima wateja na kuleta oda. Mimi nilikata. Akinyi alishona. Barasa, mtu wa Bungoma mwenye mikono mikubwa na moyo mdogo wa kuogopa kila kitu, alipiga pasi. Basi, hao ndio sisi. Nisipokata, Akinyi hana cha kushona. Akinyi asiposhona, Barasa anachoma makaa bure. Mmoja akikosa, nguo haitoki.

Kwa hivyo sisemi Mzee Kamande alikuwa mtu mbaya. Alianza na cherehani moja kwenye veranda ya wenyewe, akifukuzwa na mvua na askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, na aliona duka lile kama kikombe cha udongo: likiguswa kidogo litavunjika. Lakini alikuwa na sheria yake moja iliyonichemsha damu. Kwake yeye, mgonjwa ni mtu aliyelala. Ukiweza kupanda ngazi kuja kumwomba ruhusa, wewe ni mzima.

"Umepanda ngazi ngapi?" alikuwa akikuuliza.

"Arobaini na mbili, Mzee."

"Na hukuanguka?"

"Sikuanguka."

"Basi shukuru Mungu, ukae ufanye kazi."

Sheria ya serikali kuhusu ruhusa ya ugonjwa ilikuwepo, sikatai. Lakini ilikaa huko ofisini kwao, na sisi tulikuwa gorofa ya pili.

Sasa mtu akibanwa hivyo hufanya nini? Anakuwa mwigizaji. Siku moja Barasa alikuja akichechemea, uso ameukunja kama mtu aliyekanyagwa na ng'ombe. Kufika saa nne, alipokuwa amezama katika kazi, akasahau. Alipoinuka kuchukua maji akachechemea, ndiyo, lakini mguu ule mwingine. Mzee Kamande akashusha miwani. "Barasa," akasema, "huo ugonjwa wako umevuka barabara?" Wee! Akinyi alicheka mpaka sindano ikamdunga. Barasa mwenyewe alicheka. Ruhusa hakupata, na hakuna aliyejiuliza alikuwa anaihitaji ya nini. Mimi pia sikujiuliza, na hiyo bado inaniuma.

Mimi nilikuwa na mbinu yangu, ambayo nawapa bure: mtazame bosi mahali ameweka tepu. Tepu ikiwa shingoni, anapiga hesabu ya vipimo kichwani, hata umwambie nyumba inaungua atakujibu "inchi thelathini na nane." Tepu ikiingia mfukoni, anaenda chai. Omba wakati anarudi kutoka chai, kabla haijapanda tena shingoni. Kwa mbinu hiyo nilipata ruhusa ya harusi mbili na mkutano mmoja wa shule. Ya hospitali haikuwahi kufaulu.

Halafu jicho likaja.

Kanisani kwetu walikuja madaktari wa macho kupima watu bure. Nilikwenda kwa sababu foleni ilikuwa kivulini na nilitaka kupumzika. Kijana mmoja akanimulika, akanyamaza, akamwita mwenzake, naye akanimulika, naye akanyamaza. Mkiona madaktari wawili wamenyamaza pamoja, jueni mambo si mazuri. Nikaandikiwa niende hospitali ya serikali, na huko daktari mwanamke, mpole lakini hazungushi maneno, akaniambia nina presha ya macho. La kulia lilikuwa bado. La kushoto lilikuwa limeanza kuliwa kutoka pembeni.

"Lakini siumwi," nikamwambia.

"Hii haiumi, mama. Ndiyo ubaya wake. Ile sehemu imeshaenda hairudi. Tunachoweza ni kulisimamisha hapo lilipo. Ukikosa kuja, litasonga, na la pili litalifuata. Unafanya kazi gani?"

"Nakata nguo."

Akaniangalia, akaandika kwenye kadi: kliniki kila mwezi, Jumatano, fika kabla ya saa moja asubuhi. Mimi ni mjane, niliwasomesha watoto wangu watatu kwa macho haya. Sikuwa na shamba la kurudia wala kaka wa kuniweka. Nikipoteza macho, nimepoteza kila kitu.

Sasa nitamwambiaje Mzee Kamande kwamba naumwa na kitu kisichouma? Sijalala, sichechemei, nimepanda ngazi zote arobaini na mbili. Mara ya kwanza nilijaribu ukweli nusu. "Mzee, macho yananisumbua kidogo." Akaniambia ninunue miwani, hata yeye ananunua barabarani. Mara ya pili nikasingizia jino. Akasema, "Fungua," na akachungulia mdomoni mwangu kama mnunuzi wa punda! Hakuona shimo, kwa sababu halikuwepo. Nilirudi mezani kwangu nimeaibika mpaka kwenye vidole. Miezi miwili ikapita, kliniki mbili zikapita, na mimi natia dawa ya matone kila jioni na kujidanganya kwamba inatosha.

Katika miezi hiyo nilianza kuangusha sanduku la pini. Kila siku, na kila siku upande wa kushoto. Akinyi alisema nimekuwa mzito wa mikono. Nikamjibu vibaya, maskini ya Mungu, na yeye alikuwa na mimba ya miezi mitano, naye pia anaiba saa za kliniki wakati wa chakula cha mchana.

Ikaja oda ya kanzu ishirini na nne za kwaya ya kanisa moja la Kitisuru, velveti ya rangi ya zambarau. Nataka msikie hapa vizuri, hii ni kazi. Velveti ina manyoya. Ukipapasa kuelekea huku yanalala, ukipapasa kuelekea kule yanasimama. Yakielekea chini, nguo inang'aa. Yakielekea juu, rangi inakuwa nzito, karibu nyeusi. Kitambaa kingine, kama gabadini, unakitandaza mezani kwenda na kurudi: unafika mwisho, unakunja, unarudi, tabaka juu ya tabaka, unakata yote kwa mara moja. Velveti haitandazwi hivyo. Ukifika mwisho unakata, unarudi mikono mitupu, unaanza tena upande ule ule. Kwenda tu, hakuna kurudi. Hata mwanafunzi wa mwezi mmoja anajua.

Kliniki yangu ya tatu ilikuwa Jumatano. Nikaamua nitaenda, liwe liwalo. Jumanne jioni nikabaki nikate zile kanzu zote, ili kesho Akinyi awe na cha kushona na duka lisinikose. Nikamwambia aseme nimeenda kutafuta vifungo. Mwanga wa balbu moja, haraka, moyo unanidunda kama mwizi, nikatandaza, nikakunja, nikarudi. Nikakunja, nikarudi. Meza nzima ilikuwa inabadilika rangi mbele yangu, tabaka linang'aa, tabaka jeusi, na mimi sikuona.

Asubuhi nikaenda hospitali. Daktari akanipima na kusema neno moja: "Limesonga." Akanibadilishia dawa. Nikarudi dukani saa sita na vifungo mkononi kama ushahidi, na Mzee Kamande hata hakuuliza. Nikajiona mjanja.

Ijumaa Barasa alizitundika kanzu dirishani ili zikauke mvuke wa pasi. Nikasikia ananiita, sauti ya chini.

"Mama Shiro. Hebu kuja uone. Hizi nguo ziko na mama mmoja lakini baba ni wawili."

Kumi na mbili zilikuwa zinang'aa kama zabibu zilizooshwa. Kumi na mbili zilikuwa nyeusi. Nikashika ukuta. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, kwaya inaimba Jumapili ya wiki ijayo, na kilikuwa kitambaa cha gharama.

Mzee Kamande akaja, akaona, na uso wake ukapanda damu. Lakini mnajua alidhani nini? Alidhani ameuziwa roli mbili tofauti! Akachukua kanzu moja ya kila rangi, akavaa kofia. "Leo yule mwenye kitambaa atanijua," akasema. Yule mwenye kitambaa alikuwa rafiki yake wa miaka ishirini, mtu aliyempa mali kwa mkopo hata wakati mbaya. Akinyi akanifinya mkono. "Nyamaza," akaninong'oneza. "Wacha aende."

Nitasema ukweli: nilinyamaza. Alifika mlangoni nikiwa bado nimenyamaza. Kisha nikamwona mzee wa watu anaenda kumwaga urafiki wa miaka ishirini kwa uongo wangu, na ulimi ukafunguka wenyewe.

"Mzee, rudi. Kitambaa ni kimoja. Nimekitandaza kwenda na kurudi."

"Wewe? Velveti?"

"Mimi."

"Ulikuwa umelewa?"

"Sikuona, Mzee. Jicho langu linakufa."

Alitembea polepole hadi mahali niliposimama, akasimama kando yangu, upande wa kushoto. Sisi wote tulingoja. Mimi nilikuwa namtazama Barasa, na nikaona Barasa anafunika mdomo kwa mkono.

"Mama Shiro," Mzee akasema, "nimeshika nini?"

"Wapi?"

"Hapa."

Nikageuza kichwa. Alikuwa ameinua ile tepu yake, karibu kabisa na uso wangu, na alikuwa anaipunga. Alikuwa ameipunga muda wote huo. Akaishusha.

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu sasa."

"Na hukusema?"

Hapo, watoto wangu, nilipasuka. "Nilisema! Nikakuambia macho, ukaniambia nikanunue miwani ya barabarani! Nikakuambia jino, ukanichungulia mdomo! Kila siku unaniuliza nimepanda ngazi ngapi! Nilale hapa sakafuni ndio ujue mimi ni mgonjwa?" Nililia na kupiga meza, chaki zikaruka. Sijawahi kumpigia mtu mkubwa kelele hivyo, na sijutii.

Mzee Kamande akaketi kwenye kiti cha wateja, kofia mapajani. Hatimaye akasema, "Utaenda kliniki. Kila siku iliyoandikwa kwenye kadi yako, utaenda. Wewe nimekupa."

Ningesema asante tu, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini nilimwona Akinyi ameshika tumbo lake, na nikasikia lile neno "wewe" linanikwaruza. Nikafuta uso kwa aprini. "Si mimi peke yangu, Mzee. Kila mtu."

"Na duka nifunge?"

"Halifungwi. Kila mtu atajifunza meza ya pili. Akinyi atajifunza kukata. Barasa atajifunza kushona mshono ulionyooka. Mimi nitapiga pasi. Na wewe," nikavuta pumzi, "wewe utarudi kushika mkasi."

"Mimi?"

"Si ulianza na cherehani? Ama mikono yako imestaafu?"

Barasa akakohoa. Mzee akatutazama mmoja mmoja, na nikaona anataka kukasirika na hapati pa kuanzia. "Haya," akasema. "Lakini nijue mapema. Sitaki kushtuliwa asubuhi."

Ndipo nikavua kiatu na kugonga ule msumari, karibu na dirisha, kila mtu auone. Kadi ya kliniki itundikwe hapo ukipewa tu, tarehe ionekane, na siku iliyotangulia tukate na kushona mara mbili.

Na zile kanzu? Mzee alitaka kumwambia mwalimu wa kwaya kwamba ni mtindo mpya. Nikamwambia aanze na ukweli, mtindo ufuate. Mwalimu huyo, mama mmoja wa Kitisuru, alikuja, akaambiwa kosa, akakunja uso. Mimi nikazipanga haraka: zinazong'aa upande huu, nyeusi upande ule. "Sauti za kike hizi, sauti za kiume hizi," nikasema, na nilikuwa natoka jasho. Akarudi nyuma hatua tatu. Akainamisha kichwa huku na huku. "Na mbona hamkuniambia mnaweza kufanya hivi?" akauliza. Kabla mwaka haujaisha kwaya mbili nyingine zilikuja kutaka "ile ya rangi mbili", na nikazikata kwenda na kurudi, macho wazi, kwa makusudi kabisa. Kosa lenu likikataa kuondoka, lipeni kazi.

Msumari nao ulikuwa na kosa, na ni mimi niliyechelewa kuliona. Kadi yangu ilining'inia hapo, kadi ya Akinyi ilining'inia hapo. Ya Barasa haikuwepo. Wiki nne, wiki sita. Barasa alikuwa amekonda, shati linamzunguka, na kifua hakikumwacha alale. Siku moja nikawa napiga pasi naye, kitambaa cha mkono kikaanguka kutoka mfuko wake na ndani yake kadi. Nikaiokota. Enzi hizo ilikuwepo kliniki moja, ya ule ugonjwa ambao watu hawakuutaja jina, ambayo kadi yake watu waliitambua kwa rangi tu, hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Nikamrudishia imekunjwa vile vile. Yeye akaendelea kupiga pasi, na mimi nikaendelea kupiga pasi, ila sikuona ninachopiga, na safari hii halikuwa jicho.

Nikaenda nikatoa kadi yangu msumarini, na ya Akinyi. Nikakata vipande vya karatasi ya patani, ile ya kuchorea vipimo vya nguo, saizi moja. Nikatangaza kwa sauti kubwa kama karani wa mahakama: kuanzia leo, jina na tarehe peke yake. Ugonjwa ni wa mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na karatasi: "Barasa, Alhamisi." Mzee Kamande akaisoma, akafungua mdomo kuuliza. Akinyi akakanyaga cherehani kwa nguvu zote, hakuna kilichosikika. Mzee akafunga mdomo, akatafuta aprini yake ya Alhamisi. Barasa huyo leo ana wajukuu, na amenenepa hata kiti changu hiki hakimtoshi. Kwa hivyo mkiwa na maduka yenu, na mtakuwa nayo, msimwulize mfanyakazi anaumwa nini. Mwulizeni ni lini, na nani atashika meza yake.

Mwaka mmoja kamili sikukosa Jumatano hata moja. Siku ya kupimwa tena, waliniketisha mbele ya mashine iliyo kama bakuli kubwa jeupe. Unaweka uso ndani, taa ndogondogo zinawaka huku na huku, ukiona moja unabonyeza. Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Kisha daktari akaweka karatasi mbili mezani, ya mwaka jana na ya siku hiyo. Alizitazama. Mimi nilimtazama yeye.

"Halijasonga," akasema.

"Rudia, daktari."

"Halijasonga, mama. Limesimama pale pale. Na la kulia ni zima."

Sijui nilifikaje River Road. Najua nilikuwa nasalimia watu nisiowajua. Nilipofungua mlango, Akinyi alisimamisha cherehani, mtoto wake amelala kwenye kikapu cha mabaki. Barasa akainua pasi juu na kuisahau hewani. Mzee Kamande alikuwa kwenye meza yangu, amejifunga aprini yangu yenye maua, chaki mpaka kwenye nyusi.

"Wamesema nini?" akauliza.

"Limesimama."

Akinyi akapiga vigelegele, majirani wote wakatoka, hata fundi wa saa na kioo chake jichoni. Barasa alilia waziwazi, mtu mzima. Mzee Kamande aligeukia dirishani, akivuta pua. Kisha akanigeukia, akaushika mkasi kwa makali, mpini ukielekea kwangu.

"Kama unaona, njoo haraka," akasema. "Tangu asubuhi nimekata mikono minne, na yote ni ya kulia."

Nikauchukua. Nikakata mpaka saa kumi na moja jioni, na niliona kila uzi.